Kinayeyuka Majini

Maji machafu yalianza kupanda chooni kwa fundi cherehani asubuhi kweupe, mteja wake akiwa amesimama mbele ya kioo na gauni la harusi lililojaa pini. Kwanza bomba liliguna kama mtu aliyevimbiwa. Ikafuata harufu. Halafu maji yenyewe, meusi, yakavuka kizingiti cha choo, yakatambaa sebuleni na kulifikia robota la kitambaa cheupe lililoegemezwa ukutani.

"Mungu wangu, Mama Chini! Ni nini hicho?" mteja akapiga kelele, pua kaibana kwa vidole.

Jengo zima lilimwita Mama Chini kwa sababu aliishi ghorofa ya chini kabisa, yeye, mumewe, na mdogo wa mumewe ambaye alikuwa hajaolewa. Kila kilichomwagwa huko juu kilipita kwake kwanza. Wala haikuwa mara ya kwanza maji kumfuata ndani. Mara hizo nyingine alipiga deki, akanung'unika, akanyamaza. Safari hii alilitazama lile robota likinywa uchafu kama utambi wa taa, na damu ikamchemka.

Fundi bomba alikuja, akafunua mfuniko wa shimo nyuma ya jengo, akatumbukiza waya wake mrefu, akavuta. Ikatoka kamba nene ya kijivu, iliyojisokota kama nywele za mtu asiyechana kichwa. Akavuta tena mpaka jasho likamtoka, na kamba haikuisha.

"Vitambaa vya kufutia watoto," alisema. "Siku hizi ndivyo vinavyonilisha. Kila jengo ni hivi hivi."

Mama Chini alivaa glovu, akachomoa kimoja, akakisuuza bombani. Kikatoka kizima, pembe zake zote nne zipo. Akakivuta kwa mikono miwili, hakikuchanika. Maisha yake yote alikuwa mtu wa vitambaa, lakini hiki hakikuwa na uzi wa kusimama wala wa kulala. Hakikufumwa. Kilikuwa kama pamba iliyotandazwa ikabanwa mpaka nyuzi zikashikana.

Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kwa mama wa mapacha, kwa sababu watoto wachanga jengo zima walikuwa kwake tu. Msimamizi wa jengo alikuwa amemtangulia. Alisimama mlangoni, funguo zikining'inia kidoleni, akimwambia yule mama afungashe virago vyake, maana mpangaji anayeziba mabomba hamfai.

Mama Chini naye hakubisha hodi. "Wewe binti, nimekukosea nini? Choo chako umekigeuza jalala, mimi huku chini ninaogelea!"

Mama wa mapacha alikuwa na mtoto mmoja begani na mwingine analia kitandani. Aliingia ndani, akarudi na pakiti ya buluu, akamkabidhi Mama Chini. Juu yake palichorwa choo cheupe kinachomeremeta, na chini ya picha pameandikwa kwa herufi za kutamba: *Kinayeyuka majini. Tupa chooni bila wasiwasi.*

"Nimefanya nilivyoambiwa, mama," alisema. "Na aliyeniletea hapa mlangoni ni wifi yako. Hata mimi nilimuuliza, kweli vinayeyuka? Akasema kabisa."

Mama Chini alihisi kama kamwagiwa maji ya baridi. Wifi yake, yule mdogo wa mumewe, alikuwa amepata kazi ya kutangaza bidhaa kwenye kampuni ya vitambaa hivyo. Alipita mlango kwa mlango akicheka na kila mtu, na jengo zima lilimpenda. Hata mezani kwa Mama Chini pakiti zilikuwepo. Alifutia mafuta ya cherehani.

"Usifungashe chochote," alimwambia mama wa mapacha. Kisha akamgeukia msimamizi. "Na wewe ondoka mlangoni kwa watu. Huyu hajui hata bomba linapita wapi."

Hakubadilisha nguo. Pindo la gauni lake lililoloa likimpigapiga miguuni, alikwenda moja kwa moja hadi duka kubwa la mtaa, ambako wifi yake alikuwa kazini siku hiyo.

Alimkuta amevaa aproni ya buluu, nyuma ya meza yenye jagi la kioo, amezungukwa na wanawake na vikapu vyao. Wifi alichukua kitambaa kutoka boksi la chini ya meza, akakidondosha majini, akakoroga kidogo. Kikaachana, kikawa ukungu mweupe kama uji mwepesi. Watu wakashangilia.

"Sayansi hiyo, jamani!" wifi akasema. Ndipo alipomwona Mama Chini. "Wifi! Mbona umeloa?"

"Nimeloa kwa sayansi yako," Mama Chini alisema. "Sasa chukua pakiti ya rafuni, ile wanayonunua watu. Ifungue mbele yetu."

Wifi alicheka, kwa kuwa aliamini anachokiuza. Akachomoa pakiti rafuni, akaifungua, akatumbukiza kimoja. Akakoroga. Akakoroga tena kwa nguvu hadi maji yakarukia meza. Kitambaa kilizunguka humo kama samaki aliye hai.

"Labda maji yamechafuka," alisema. Akabadilisha maji. Ikawa yale yale. Akakitoa, akakikamua, akakivuta. Hakikuachia. Kicheko kikamkauka usoni.

Meneja wa mauzo wa kampuni, kijana nadhifu aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alisogea haraka. "Mama, tafadhali, tuzungumze pembeni."

"Pembeni nimetoka. Pembeni kumejaa mavi. Zungumza hapa hapa."

Wifi alikuwa ameinama chini ya meza. Aliibuka na kitambaa cha boksini mkono mmoja na cha rafuni mkono wa pili, anavipapasa. "Hivi si kitu kimoja," alisema polepole. "Bosi, hivi si kitu kimoja."

Meneja akaeleza kwamba hivyo vya maonyesho ni aina mpya: nyuzi fupi za mti tupu, zimepigwa kwa maji ya nguvu hadi zikakamatana, zikikutana na maji mengi zinaachana. Vya rafuni vimechanganywa nyuzi za plastiki ili visichanike mkononi. Hivyo vipya vingekuja baadaye, mashine zikishafungwa.

"Na maandishi?" Mama Chini akauliza.

"Pakiti... zilichapwa mapema kidogo, mama. Ni hilo tu."

"Ni hilo tu!" Mama Chini aliwageukia wale wanawake. "Mnasikia? Kitu kizuri wanajua kukitengeneza. Wanacho! Wamekificha chini ya meza cha kutuonyeshea, halafu wanatuuzia plastiki yenye maneno ya kile kizuri. Leo mwanamke ana watoto wachanga wawili anafukuzwa nyumbani kwa sababu amesoma pakiti akaiamini. Tungekuwa hatujui kusoma tungekuwa salama!"

Mwanamke mmoja akairudisha pakiti yake rafuni kwa kishindo. Wengine wakamfuata. Meneja alimnong'oneza wifi aendelee na kazi, na atazame wateja, asimtazame yule mama.

Wifi alifungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza. "Nimeingia kwenye nyumba za majirani zangu," alisema. "Nimekula kwao. Umenituma nikawadanganye, hata mimi mwenyewe hukuniambia."

Walirudi nyumbani pamoja. Hasira za Mama Chini kwa wifi yake hazikuisha siku hiyo. Alimwachia apige deki sebule nzima peke yake, naye hakuinua mkono. Lakini wifi alipomaliza, akavaa viatu, akaanza kupanda ngazi kugonga milango ile ile aliyowahi kugonga. Kwingine walimcheka. Mmoja alimfungia mlango usoni. Mama wa mapacha alimkaribisha, akampa mtoto ampakate. Msimamizi alipoonyeshwa ile pakiti alikuna kichwa, akasema amemsamehe huyo mama, kana kwamba kuna kosa la kusamehewa.

Kampuni haikuomba radhi. Ilituma kikapu cha zawadi chenye utepe, na ndani yake, kati ya sabuni na mafuta ya kupaka, wamepanga vitambaa vile vile. Mama Chini alikirudisha kwa dereva kabla hajawasha gari. Kwenye duka la mtaa pakiti ziliondolewa. Maduka ya mtaa wa pili bado yalizipanga, maneno yake hayajaguswa.

"Basi, yaishe," mumewe alisema mezani walipokuwa wakila. "Choo kinapitisha maji. Mnataka nini tena?"

"Yaishe kwa nani?" Mama Chini akamjibu. "Mimi kesho nakwenda mtaa wa pili."

Wifi yake alisogeza sahani pembeni. "Tutoke mapema," alisema, "kabla meneja hajafika."