Geuza Kamera, Mama

Mimi mtu wa kelele, nasema mapema ili mtu asije akashangaa. Naongea nikifungua kompyuta, naongea nikiifunga, na skrubu ikidondoka chini ya meza ndiyo kabisa, hiyo huwa naitukana mpaka ipatikane. Wateja wamenizoea. Wananiita Mama Bisibisi, na nikichelewa kuitika wanajua niko ndani ya mashine ya mtu, kichwa na mabega.

Kelele hizo nilifundishwa na mume wangu. Duka letu ni chumba cha mbele, chumba cha nyuma ndicho tulicholala, na kazi ya kutengeneza kompyuta tuliifanya kwa kuitikiana. Mashine ikigoma kuwaka, mmoja anaingiza mikono, mwingine anashika tochi na kuuliza, akianza na umeme.

"Moto?"

"Upo."

"Pawa saplai?"

"Inatoa."

"Ramu?"

"Imekaa."

"Feni?"

"Inazunguka."

Ukiruka kitu, mwenzako anakushika. Watu walipita barabarani wakitucheka, eti tunaiombea mashine dua. Mume wangu alikuwa anawajibu kwamba zenu mkiziombea haziwaki.

Mwaka juzi akafariki. Kifua, ghafla tu, asubuhi yuko mzima, jioni hayupo. Na mimi nikaendelea kuuliza. Nasema "Moto?", nanyamaza kidogo, pale ambapo yeye angejibu, halafu naenda kwenye pawa saplai. Msinielewe vibaya, sikuwa nimechanganyikiwa wala sikuwa nasikia sauti. Nilikuwa namwachia nafasi yake tu. Hatukujaliwa watoto, ndugu zake walishachukua walichokitaka wakaenda zao, na nyumba ikiwa kimya namna ile, mtu utafanya nini?

Sasa, kazi yangu ya uhakika iko kwenye ofisi moja ya kusafirisha mizigo. Jumatatu na Alhamisi naenda kuhudumia mashine zao. Siku moja bosi wa manunuzi akaniita pembeni.

"Mama, mimi nakujua," akasema. "Wakaguzi ndio hawakujui. Kuanzia mwezi ujao, fundi asiye na cheti haruhusiwi kugusa kompyuta zetu."

"Na hiyo iliyo mezani kwako, wiki iliyopita ilifufuliwa na nani? Na cheti?"

"Na wewe, mama. Ndiyo maana nakuomba, kalete cheti."

Utagombana vipi na mtu anayekubaliana na wewe? Nilirudi nyumbani nimenuna.

Niseme ukweli, chakula kingepatikana. Wateja wa dukani wangetosha kunilisha mdomo huu mmoja. Kilichonikosesha raha ni kwamba pale ofisini ndipo mahali pekee ninapoulizwa nimeamkaje. Dada wa mapokezi ananiuliza, mlinzi ananiuliza, mhasibu ananiwekea chai na kunisimulia habari za mkwe wake. Nikikosa cheti, mlango ule nimefungiwa, na wiki nzima inakuwa Jumapili mchana. Nilizijua Jumapili mchana zangu zilivyo. Nikaapa lazima nikipate.

Nikasoma. Jamani, nilisoma! Nyaya nilizozishika miaka yote kumbe zina majina marefu kuliko zenyewe. Mtihani wenyewe unaufanyia nyumbani, mbele ya kamera ya kompyuta yako, na msimamizi anakuangalia akiwa huko aliko. Masharti wakatuma: asiwepo mtu mwingine chumbani, simu iwekwe mbali, karatasi ukutani ziondolewe, na hairuhusiwi kuongea, hata peke yako. Hilo la mwisho nililisoma nikalipita, kama mtu mwenye nyumba anavyopita tangazo la vyumba vya kupanga.

Jirani yangu mshonaji, wa mlango wa pili kwenye ukumbi wetu, alifunga cherehani yake siku hiyo kwa ajili yangu. "Shoga, mimi nakwenda kwa wifi yangu mpaka jioni," akaniambia. "Nisije nikakohoa hapa wakakufutia mtihani, ukanilaumu mpaka kaburini." Akaondoka, na ukumbi wote ukanyamaza.

Msimamizi alikuwa kijana, kwa sauti yake. Sura hakuionyesha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba ugeuze kamera, nione kuta zote."

Nikainua kompyuta nikazunguka nayo taratibu, nikamwonyesha rafu, meza ya kazi, chini ya meza, nyuma ya mlango.

"Naona viti viwili, mama."

"Hicho cha pili hakikaliwi."

"Basi naomba kitoke nje."

Nikataka kumjibu, nikajizuia. Ni kiti cha mbao, kimechakaa upande mmoja kwa sababu mwenyewe alikuwa anakaa kiupande. Tangu afe sikuwahi kukisogeza, hata kufagia nafagia nikikizunguka. Nikakibeba mpaka ukumbini nikakiacha huko, nikafunga mlango.

"Uko peke yako?"

"Kwani wewe unaona nani?"

"Samahani, mama, inarekodiwa. Jibu ni ndiyo au hapana."

"Ndiyo," nikasema. Sauti ikatoka ndogo mpaka akaniomba nirudie.

Maswali ya mwanzo yalikuwa mteremko. Tundu hili la nini, kioo kikionyesha hivi tatizo liko wapi. Nikabofya nikiwa nimetulia, nikaanza hata kujisikia. Halafu ikaja sehemu ya vitendo. Wanakuchorea kompyuta mbovu kwenye kioo, imefunguliwa tumbo, wanakupa maelezo ya mteja, na wewe unachagua utagusa nini kwanza na nini baadaye. Nikaona madabodi ile, ubao mkubwa wa ndani, pale mbele yangu, mikono ikakaa tayari, na mdomo ukatoka wenyewe.

"Moto?"

Nikanyamaza, kama kawaida yangu.

"Mama," sauti ikaja, "unaongea na nani?"

"Na mume wangu."

Mungu wangu! Sijui kwa nini nilisema vile. Ndilo jibu lililokuwa karibu.

"Kuna mtu humo ndani?"

"Hapana, hayupo."

"Mama, mume wako yupo au hayupo? Kama yupo, lazima niufute mtihani sasa hivi."

"Hayupo!" Nilipaza sauti, na naona ndipo nilipoisikia mwenyewe. "Hayupo, baba. Alikufa. Nimezoea tu kumuuliza."

Nikasikia kiti cha kijana kikilia huko kwake.

"Pole sana, mama," akasema. "Lakini naomba ugeuze kamera tena. Na huo mlango wa nyuma, naomba ufungue."

Nikamfungulia. Akaona chumba, akaona kitanda, upande mmoja shuka limevurugika, upande mwingine limenyooka kama la dukani. Nilisikia aibu kana kwamba amenikuta sijavaa. Hakusema neno juu ya kitanda.

"Asante. Hilo ni onyo, mama. Ukiongea tena, mfumo wenyewe unaufuta mtihani, na mimi sitakuwa na la kufanya."

Nikakaa. Nikauma ncha ya mtandio wangu, niuzibe mdomo usinitie hasara.

"Mama, samahani, mdomo uonekane."

Hee! Nikautoa mtandio. Mdomo wazi, na usiseme. Nikaibana midomo, nikasubiri mume wangu aniulize humo humo kichwani, kimya kimya, msimamizi asijue. Nikasema moyoni, haya, leo uliza wewe, baba, saa inakwenda. Hakuuliza. Nilijaribu hata kuivuta sauti yake, ile ya kukwaruza, nikapata maneno bila sauti. Saa pale pembeni ya kioo inakula dakika zangu, na mimi nimekodoa macho kama mjinga, naona mlinzi na dada wa mapokezi wakinisahau.

Basi nikasoma maelezo ya mteja upya. Mashine inawaka vizuri, ikikaa kidogo inazimika yenyewe, ukiipumzisha inawaka tena. Kwa utaratibu wetu unaanza na moto, halafu pawa saplai, halafu ramu, feni ndiyo ya mwisho. Lakini mashine inawaka! Moto upo, nauliza moto wa nini? Hiyo ni joto, inajizima isiungue. Nikaenda feni moja kwa moja. Imejaa vumbi, haizunguki. Nikaisafisha kwa mishale yao ile ya kwenye kioo, ikazunguka, mashine ikasimama imara.

Iliyofuata nikaigusa hivyo hivyo, na nyingine. Sikuwa na wa kunishika nikiruka, na sikuruka. Nilikwenda haraka kuliko nilivyowahi kwenda nikiwa na yeye, na hapo ndipo iliponichoma. Muda wote ule nilijiambia namwachia nafasi kwa sababu kazi inamhitaji. Kumbe kazi inakwenda bila yeye. Nikabofya la mwisho macho yamejaa maji, nikiogopa hata kupenga kamasi wasije wakasema nimeongea.

Kioo kikafikiri kidogo, kisha matokeo yakatokea.

"Umefaulu, mama," msimamizi akasema. "Umefaulu vizuri sana. Mtihani umekwisha, sasa ruksa kuongea."

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Shoga yangu mshonaji ningemwambia jioni, wa ofisini ningewaambia Jumatatu, na wangefurahi, nawajua. Lakini habari njema katika nyumba hii ilikuwa na mtu wake wa kuambiwa kwanza, na mimi nilikuwa nimeshatamka kwa kinywa changu kwamba hayupo, na imerekodiwa.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu."

"Naweza kukata sasa?"

"Subiri kidogo," nikasema. "Usikate. Nimefaulu."

"Ndiyo, mama. Hongera sana."

"Nimefaulu," nikamwambia tena, mgeni yule nisiyemjua hata sura, nikaanza kulia mbele ya kamera yake. Najua alikuwa na watu wengine wa kuwasimamia, lakini hakukata mpaka nilipomaliza.