Jiwe Linalocheza

Jiwe lilikuwa linacheza. Lilikuwa angani, mbali kuupita mwezi, hafifu kama cheche ya mwisho jikoni, na kwenye skrini ya mpiga picha wa nyota lilitetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

Mpiga picha huyo alikwishajipiga kifua mbele ya wakubwa wake: hilo si jiwe moja, ni mawili, pacha wanaozungukana. Wakubwa wakacheka, wakampa jioni hii tu athibitishe. Likizama nyuma ya kilima, basi, darubini inapewa wengine.

Darubini ilipiga picha mfululizo, za kufumba na kufumbua, ili achambue zilizotulia azipandanishe ziwe picha moja safi. Leo haikutulia hata moja. Mbingu shwari, upepo umelala. Kulikoni?

Akapanda ngazi hadi kwenye kuba. Lahaula! Chini ya darubini hita imewaka nyekundu, na mbele yake mama mkwe, mama wa mumewe, aliyekuja kumtembelea, anafuma sweta.

"Karibu, mwanangu! Paa mmeliacha wazi kama nyumba isiyo na mwenyewe. Nimekupashia moto."

Mpiga picha akang'amua. Hewa ya moto ilipanda mbele ya kioo cha darubini, ikilitikisa jiwe kama lami ya mchana inavyolitikisa gari la mbali. Lakini utamwambiaje mama mkwe azime wema wake? Kisha akakumbuka: mama huyu ukimnyima chakula atavumilia, ukimnyima fumbo mtakosana.

"Mama, kitendawili!"

"Tega!" Sindano zikasimama.

"Mchezaji yuko mbinguni, mpiga ngoma yuko humu ndani."

"Mvua na bati."

"Wapi!"

"Mwezi na mbwa anayeubwekea."

"Bado. Nipe mji, mama."

"Mji? Sijawahi kutoa mji mie, sembuse kwa mke wa mwanangu!" Akatazama kioo, akatazama hewa inayopepesuka, akashusha macho hadi miguuni pake. "Ala! Hita yangu!"

Akachomoa waya mwenyewe. "Sasa unashangaa nini? Leta feni, joto litoke!"

Walipepea kwa feni na kwa shuka, kisha wakashuka mbio hadi kwenye skrini. Kilima kilikuwa karibu kulimeza jiwe. Likayumba, likatulia, na katikati yake ukapita uzi wa giza. Mawili!

"Pacha," mpiga picha akanong'ona.

"Nilijua. Nani hucheza vile peke yake?" Meno ya mama yaligongana kwa baridi. "Haya, zamu yangu. Kitendawili!"

"Tega, mama."

"Wa juu ametulia, wa chini anatetemeka."

Mpiga picha alivua koti lake, akamvika.