Kibuyu cha Pili

"Ni vita ya Afghanistan iliimaliza ile Sovieti," Anaclet alisema. "Na petroli ilishuka bei. Na batu balichoka kupanga foleni ya mukate. Inchi kubwa vile haiwezi kuanguka na sababu moja."

"Ni bakubwa," Zagabe alijibu.

"Ule mukubwa wao wa mwisho, wa alama ku paji? Alifungua tu dirisha!"

"Bakubwa. Balikula mpaka misumari ya nyumba."

Anaclet alicheka, akavuta mrija wa kibuyu chake. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Nyantende, na kila Jumapili baada ya misa alipanda kwa Zagabe, Nyalukemba, kunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Tangu mke wake Lucie azikwe, hakuna mwingine aliyebisha hodi pale. Kwa ajili ya saa hizo mbili Zagabe alivundika ndizi, akazikamua kwa majani, akatia mtama wa kukaanga, akangoja pombe ichachuke. Wiki nzima haikuwa na kazi nyingine.

"Muzee, we kila kitu ni bakubwa," Anaclet aliendelea. "Hata maman Lucie. Mvua ilinyesha, barabara ilikatika, ambulansi ilichelewa. Sababu ni mingi, ndugu yangu."

"Barabara ilikuliwa! Iko mu manyumba ya orofa pale chini ku ziwa!"

Zagabe aliinuka. Alijaza kibuyu cha pili, akamsukumia mwenzake.

"Kunywa. Unyamaze."

Anaclet hakupokea. Aliutazama mrija.

Hapo Zagabe akaelewa. Yeye mwenyewe hakuwa ameonja. Hapa mwenye nyumba hunywa kwanza, mgeni aone. Sumu imezika watu wengi, na hofu ya sumu imezika urafiki zaidi.

"Nilisahau. Ndugu, ni hasira tu." Alivuta mpaka mashavu yakabonyea. "Ona!"

"Nimeona," Anaclet alisema kwa upole, kama mtu anayefunga mlango bila kelele. "Lakini mvua inakuja. Kufika kwangu ni mbali."

"Jumapili utakuya?"

"Mungu akipenda, papa Zagabe."

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita papa, kwa heshima ya watu wasiojuana.

Zagabe alimfuata mpaka kwenye uzio, kibuyu mkononi. Akasimama peupe, mahali anapoonekana kutoka chini, akanywa. Akanywa tena. Matone ya kwanza yalipiga mabati. Kule kwenye kona Anaclet alipunguza mwendo. Mwavuli ukafunguka, na kutoka juu haikujulikana kama chini yake kichwa kiligeuka.