Tembo wa Mzee Habibu

Alfajiri moja Mzee Habibu wa Kilimarondo alipanda mkorosho, akapiga debe na kuwaita watu, maana tembo alikuwa ameingia shambani kwake. Kulipopambazuka, tembo akaonekana ni dume la ng'ombe la Luhende, mfugaji aliyehamia jirani, limetulia linatafuna mahindi.

Zulfa, mkewe Habibu, hakumcheka. Alifanya baya zaidi, alitunga shairi:

*Tembo ng'ombe kageuka,*
*mume wangu, sasa shuka.*

Miaka tisa wanawake waliliimba kila walipokung'uta ufuta. Habibu alinuna, mara nyingine akasusa hata chai, akaapa kwamba siku moja litasahaulika.

Mwaka huu Zulfa alifariki kabla ya mavuno. Wanawake wakatandika turubai, wakakung'uta ufuta kimya kwa kumwonea mzee huruma.

Habibu alivumilia mpaka turubai la kwanza likajaa. La pili likamshinda.

"Ule wimbo wangu mmeutupa wapi?"

Wakatazamana, kisha wakauimba polepole, kwa adabu kama wako msibani.

"Mnauharibu," akasema mzee, akifuta macho kwa kofia. "Mwenyewe alikuwa anaivuta hiyo 'mume wangu'. Rudieni."