Kisanduku cha Kwanza

Fundi wa matairi alikuwa amepiga magoti kwenye gurudumu la mbele akipima upepo, na dada yake amesimama upande wa pili wa gari lile lile akimshikia dereva mwavuli. Ndivyo walivyofanya kazi kila siku ya mbio. Hawakusalimiana, kwa sababu warembo wa mwavuli hawakuruhusiwa kuzungumza na mafundi, na dada huyu, ambaye uwanja mzima ulimwita Mwavuli, hakuwa mtu wa kuvunja sheria.

Jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi. Viatu vyake vilikuwa na visigino virefu vyembamba, vya rangi ya kampuni ya oili, na gauni lake lilikuwa limechapwa jina la kampuni hiyo mahali ambapo mtu mwenye adabu zake angeona haya kulisoma. Kazi yenyewe aliipenda, tuseme ukweli. Alipenda ngurumo ya injini ilivyomtetemesha kifua, na alipenda kwamba mama yao alimwona kwenye televisheni na kuwaita majirani. Alichochukia ni mkono wa meneja uliojisahau kiunoni mwake wakati wa picha, na kule kusimama. Tangu msimu uliopita alikuwa anaomba kiti. Alijibiwa kwamba mrembo aliyekaa hauzi oili.

Sheria ya mwavuli ilikuwa moja tu: mrembo haondoki mpaka dereva amwinulie kidole gumba. Ilitungwa baada ya mrembo mmoja kuondoka mapema, dereva akaja wa mwisho na kusema kilichomponza ni jua. Mrembo yule hakuonekana tena uwanjani. Jua lilibaki kazini.

Siku hiyo dereva wa kisanduku cha kwanza, ile nafasi ya mbele kabisa iliyochorwa kwa mistari myeupe kwenye lami, alikuwa akigombana redioni na mhandisi wake. King'ora kilipolia, akashusha kioo cha kofia, bado anafoka, na kidole hakukiinua. Warembo wengine walikunja miavuli yao wakakimbilia pembeni. Magari yakaondoka taratibu nyuma ya gari la kuongoza, kwenda kuzunguka njia yote ndefu ya uwanja ili kupasha matairi moto kabla ya kurudi kuanza mbio zenyewe. Mwavuli akabaki peke yake, akikitilia kivuli kisanduku kitupu.

Alisubiri, akasubiri. Aliposema potelea mbali, naondoka, lami ilikuwa imeshamshika. Ilianza na viatu. Akainama, akafungua vikanda ili achomoke, akakuta miguu nayo imo, mpaka vifundoni. Kumzunguka, lami ilikuwa ngumu na laini bila ufa, kana kwamba ilimwagwa akiwa hapo hapo. Hakupiga kelele. Lami ile ilikuwa na tabia hiyo. Mwaka uliopita ilishika koni za waamuzi, na hakuna aliyezidai.

Mdogo wake, yule fundi, alimwona kutoka ukuta wa gereji. Alichukua jeki na mtaimbo, akaruka ukuta.

"We! Unakwenda wapi?" mkuu wa gereji akamfokea. "Gari linarudi sasa hivi!"

Hakugeuka. Alifika akitweta.

"Dada, vua viatu."

"Nimeshavua. Ni miguu."

"Basi vuta!"

"Kwani unadhani nimekuja kupunga upepo hapa?"

Akachomeka mtaimbo ukingoni mwa kisanduku, akaweka jeki chini yake, akapiga pampu. Lami ikakubali kuinuka, lakini iliinuka yote, na mistari yake myeupe, na dada yake juu yake kama kikombe kwenye sinia. Ilipofika kimo cha shubiri Mwavuli akayumba.

"Shusha," alisema. "Utaniangusha bure. Waambie wa juu wasiwashe taa za kuanzisha mbio."

Fundi akashusha, akasimama katikati ya njia na kuupungia mikono yote miwili mnara wa waamuzi.

Kule juu, kwenye chumba cha vioo, walimwona vizuri sana. Walikuwa watatu: mwenyekiti wa mbio, bwana wa kampuni ya oili, na wakili mwanamke wa chama cha kutetea heshima ya wanawake. Viti vilikuwa vingi kuliko watu. Toka asubuhi walikuwa wakijadili kama warembo wa mwavuli waendelee kuwapo au waondolewe, na kura ilikuwa ipigwe jioni. Bwana wa oili alishasema kwamba hao ni watu wazima, wamekuja kwa miguu yao, na ajira ni ajira. Wakili alishasema kwamba mwanamke si pambo la gari, na kwamba watoto wa kike wanatazama. Wote wawili walisema vizuri, na chai ilikwisha mara mbili. Wazo la kumwita mrembo hata mmoja halikumjia mtu yeyote.

"Si mnaona?" wakili akasema, kidole kiooni. "Ndicho ninachowaambia tangu asubuhi. Yule amegandishwa pale."

"Amesimama kwa hiari yake," bwana wa oili akajibu. "Unaona kamba popote?"

Mwenyekiti alijikuna kidevu. Mwaka uliopita alisimamisha mbio kwa sababu mbwa alikatiza njia, na watu wakampigia makofi. Lakini mbwa hakuwa ajenda.

"Nikisimamisha, itaonekana nimeshapiga kura," alisema. "Tusiliguse jambo ambalo bado liko mezani."

Wakili hakuridhika, akateremka ngazi mbio mbio na mwandishi mmoja mwenye kamera. Alisimama karibu na Mwavuli, akatazama kamera, akazungumza juu ya utu kwa maneno mazuri mno.

"Mama," Mwavuli akamkatiza, "nisaidie kuvuta."

"Ndicho ninachofanya, mwanangu. Sauti yako itasikika."

"Basi waambie wasiwashe taa. Na uwaambie naomba kiti."

Wakili akambana mkono. Machozi yalimlengalenga, na yalikuwa machozi ya kweli, tusimsingizie. Kisha ngurumo ikaanza kusikika nyuma ya kona ya mwisho, na waamuzi wa njiani wakamtoa kila mtu asiye na kitambulisho cha njia. Wakili na kamera yake wakaenda.

Fundi kitambulisho alikuwa nacho. Alibaki ameushika mkono wa dada yake. Mkuu wa gereji alikuwa akipiga kelele kutoka ukutani: "Chagua! Gari au dada yako!"

"Nenda," Mwavuli alisema.

"Siendi."

"Wakikufukuza wewe pia, nani atamnunulia mama dawa? Nenda, mdogo wangu."

Hakwenda. Waamuzi wawili walimbeba kwapani, visigino vyake vikiburuzika, jeki aliyoing'ang'ania ikipiga lami nyuma yake.

Magari yakarudi moja moja na kujipanga. Dereva wa kwanza akaliingiza gari kwenye kisanduku chake, kando kabisa ya mguu wa Mwavuli. Hakumwangalia. Mwavuli hakuwa na hofu na gari hilo, ambalo lingeondoka mbele likamwacha. Alilohofia ni la kisanduku cha tatu, nyuma yake moja kwa moja, ambalo lazima lipite pale pale aliposimama. Aliogopa. Kijasho chembamba kikamtiririka mgongoni chini ya jina la kampuni. Akauinua mwavuli juu kadiri mkono ulivyofika, ili angalau aonekane. Taa nyekundu zikawaka, moja, nyingine, nyingine. Alifumba macho akamfikiria mama yake na majirani, wamejipanga mbele ya televisheni.

Taa zote zikazimika, ishara ya kuondoka. Uwanja wote ukanguruma. Kitu kikamvuta upindo wa gauni, kikauchana, kikaenda nao. Alipofumbua macho palikuwa na moshi tu, na jukwaa zima limesimama likishangilia, maana walidhani ni sehemu ya burudani.

Dereva wa kwanza alishinda. Baada ya kumwagiwa maji na kupigwa picha, alikumbuka, akarudi mpaka pale kisandukuni, mtu muungwana, akamwinulia kidole gumba. Miguu haikutoka.

Jioni kamati ilipiga kura. Warembo wa mwavuli waliondolewa kwa kauli moja. Bwana wa oili hakubisha. Alikuwa ameshapata nafasi ya jina lake kwenye kofia za madereva. Warembo wengine waliambiwa kwa simu wasije tena, na hawakuulizwa walikuwa wamepanga nini. Kuhusu Mwavuli, wahandisi walishauri kwamba kuikata lami kungeharibu kisanduku bora kuliko vyote uwanjani. Kwa kuwa kazi yake haikuwapo tena, mshahara nao haukuwapo. Aliwekwa kwenye fungu la vifaa vya njia, pamoja na koni.

Mdogo wake alimletea chakula, maji, na kanga ya kujifunika baridi. Alimletea na kiti pia, kiti cha plastiki cha jikoni kwao, na Mwavuli alipokaa alifumba macho na kulia kwa raha. Lakini kila siku ya mbio waamuzi walikiondoa. Fanicha hairuhusiwi njiani.

Mbio zilizofuata, mama yao alimpigia fundi simu.

"Mbona simwoni dada yako? Ameacha kazi?"

"Yupo, mama."

"Sasa mbona hawamwonyeshi?"

Fundi akaitazama kamera kubwa iliyokuwa mbele yake. Wapiga picha walikuwa wamepewa amri: mrembo yeyote asionekane kwenye matangazo. Kamera ilifika kisanduku cha pili, ikainuka kidogo, ikatazama mawingu, ikashuka kwenye kipua cha gari la kwanza.

"Yupo, mama," akarudia. "Amesimama."

Mtangazaji alitangaza kwa spika kwamba leo, kwa mara ya kwanza, uwanja huu unaanza mbio bila mwanamke kufanywa pambo. Jukwaa likapiga makofi. Wakili alikuwa mstari wa mbele, akipeana mikono na watu, na alipouona mwavuli kule chini aliupungia kwa furaha.

Jua lilikuwa kali kuliko siku ile. Dereva wa kwanza alisubiri kwenye kisanduku chake, akaona kivuli kiko karibu, akasogeza kichwa kikaingia.

"Kaka," Mwavuli alimwambia, "waambie wanirudishie kiti."

Dereva akagusa masikio yake, kumwonyesha kwamba ameshaweka vizibo, akatabasamu na kumwinulia kidole gumba. Mwavuli akauhamishia mwavuli mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umechoka, na taa zikaanza kuwaka.