Umeshiba au Kimekwama?

Mimi ni mshonaji, na ulimi wangu ni mkali kuliko mkasi wangu, waulizeni wateja. Lakini siku ile nilifyata mkia.

Mdogo wangu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo ili apunguze uzito. Ikawa akila vijiko viwili tu, anasukuma sahani: "Nimeshiba." Nasi vigelegele! Mimi mjuaji ndiye niliyepiga makofi kuliko wote. Kufikia wiki ya nane, hata maji yalikuwa yanarudi.

"Wakimpasua tena, dada, hatatoka hai," mumewe aliniambia.

Hospitali tulipokewa na daktari wa kamera, mama mfupi ambaye manesi humwita Mama Taratibu. Nikajisemea, huyu naye! Hata kitanda hakifikii vizuri.

Akamwinamia mgonjwa. "Mama, ukisema umeshiba, umeshiba au kimekwama?"

Mdogo wangu aliweka mkono katikati ya kifua. "Kimekwama," akasema, akaanza kulia. "Nilidhani ndiyo kushiba kwenyewe."

Loo! Niliona aibu hadi visiginoni. Wiki zote zile, hakuna aliyemuuliza.

Alipolazwa usingizi, nikaomba nitazame. "Simama pale, usiguse kitu, na usiongee," daktari akaniambia. Mimi, nisiongee! Nikanyamaza.

Aliingiza mdomoni mpira mwembamba wenye kamera. Kwenye skrini nikaona pale tumbo lilipoungwa na utumbo wakati wa ule upasuaji: kovu limebana, limeacha katundu ambako hata kifungo cha shati kisingepita. Akapenyeza humo kijiputo kilichonywea, akakijaza maji kidogo kidogo, macho hayabanduki. Kovu likaanza kuachia.

"Tuongeze, daktari?" nesi akauliza.

"Hapana. Tukiwa na pupa patachanika. Atarudi tupanue tena."

Nimeshona miaka ishirini, najua mkono wa fundi nikiuona. Ule ulikuwa mkono! Hakukuwa na kisu wala mshono, na nilitamani kuubusu.

Alasiri wakampa mdogo wangu maji, kijiko kimoja. Akameza. Shemeji alikuwa ameshamkingia beseni chini ya kidevu, kama alivyozoea. Tukasubiri.

"Yameshuka," mdogo wangu akasema. "Niongezeeni."

Nilimpa mimi, maana shemeji alikuwa bado amekumbatia lile beseni, akilia ndani yake.