Waya wa Chooni

Ndunge, muuguzi wa zahanati ya Kyuso, aliizima mashine ya kupima damu, akaiwasha tena. Siku nyingine haikuwa na taabu. Ukiiwasha tu, yenyewe inaomba anwani ya mtandao, ruta ya zahanati, kifaa cha kugawa mtandao, inaipa, na majibu yanaenda moja kwa moja kwa daktari kule Kitui. Leo majibu ya Mzee Keinan, mfanyabiashara wa mbuzi hapo Kyuso, yalikuwa yamekwama, na mwenyewe alilala kwenye benchi akitweta.

"Daktari, baba ataishi?" aliuliza Yurub, bintiye.

"Ngoja kidogo, dadangu. Mashine imepewa anwani isiyo ya hapa."

Nambari zilizokuwa kwenye kioo hazikufanana na za zahanati hata kidogo. Bila shaka kulikuwa na ruta nyingine mahali, iliyotangulia kujibu kabla ya ile ya zahanati na kuipotosha mashine. Kwenye kisanduku cha ukutani Ndunge aliona waya mweupe asioujua. Akaufuata koridoni hadi choo cha wagonjwa, kile ambacho msimamizi, Mzee Mbuvi, alikifunga kwa kufuli akisema kimeharibika. Tangu hapo wagonjwa, hata wa kuharisha, walijisaidia vichakani.

Akalivunja kufuli kwa jiwe.

Uvundo ulimpiga usoni. Mende walitawanyika ukutani. Uchafu wa zamani ulikuwa umegandia shimoni, na juu ya tangi la maji kulikaa ruta ndogo, taa zake zikimeta. Waya wa pili ulitoka dirishani kuelekea klabu ya Mbuvi ya nyama choma, jirani tu, ambako watu walikuwa wakishangilia mpira uliorushwa kwa mtandao. Ndunge akajaribu koki. Maji yakatiririka.

Choo kilikuwa kizima.

"Wee mwiitu, msichana wewe, unafanya nini huko?" Mbuvi alisimama mlangoni, mafuta ya nyama yakimng'aa kidevuni.

"Hii ni yako, mzee?"

"Ni kamtandao kadogo tu. Kanamdhuru nani?"

Ndunge aliing'oa ile ruta pamoja na nyaya zake, akampita bila kumgusa, akanawa mikono mpaka viwiko, akaiwasha mashine. Safari hii ilipata anwani yake. Punde simu ikalia: daktari alitaka Mzee Keinan apelekwe Kitui mara moja, sukari yake imepanda vibaya.

Gari lilipokuwa likiwashwa, Mbuvi, ambaye pia ni mzee wa kanisa, aliinua mikono mbele ya wagonjwa. "Tuombe, ndugu zangu. Tumshukuru Mungu aliyefungua mtandao."

Vichwa vikainama. Cha Ndunge hakikuinama.

"Mungu hakuufunga," alisema kwa sauti. "Aliyeufunga ni huyu. Choo chenu ni kizima. Alikifunga afiche ruta ya klabu yake, na nyinyi mkaenda kuchuchumaa kwenye miiba."

Ajuza mmoja alitema mate chini, karibu kabisa na viatu vya Mbuvi.

Keinan alipona. Kamati ya zahanati ilikutana, ikanywa chai, ikasema Mzee Mbuvi ameteleza na asamehewe, mambo yaishe. Mbuvi akabaki ofisini. Asubuhi iliyofuata alimnyooshea Ndunge mkono, akitabasamu kana kwamba hakuna lililotokea. Ndunge aliutazama ule mkono mnene, akatia yake mifukoni mwa koti, akaenda kumwita mgonjwa wa kwanza.